Kunguru Anayembeba Zohali

Katika nchi ya Watamil, kusini kabisa mwa India, ziko nyumba nyingi ambamo watu hawali chakula cha mchana kabla kunguru hajala. Mama wa nyumba akiisha kuepua wali, huchota tonge la kwanza, akaliweka juu ya ukuta wa ua au ukingoni mwa paa, kisha huita kwa sauti kubwa, “Kaa! Kaa!” Haupiti muda mrefu kunguru hushuka, akatazama huku na huku kwa jicho lake la wizi, akadonoa. Hapo ndipo baba na watoto huketi kula. Siku ambayo kunguru hakuja, mama hufanya wasiwasi, akafikiri ni kosa gani lililotendeka nyumbani.

Sababu za desturi hii ni mbili. Ya kwanza ni kwamba wazee waliokwisha kufa hudhaniwa kuwajia watoto wao kwa sura ya ndege huyo. Ya pili ni kwamba kunguru ndiye anayembeba Shani, yaani nyota ile ambayo sisi kwa Kiswahili twaiita Zohali. Katika nyota zote ambazo Wahindu wanazitazama kwa mambo ya bahati, hakuna inayoogopwa kama hiyo. Basi mtu asiyeweza kumfikia bwana mkubwa humlisha farasi wake, akitumaini kwamba habari zitafika.

Msomaji aliye Mombasa au Malindi pengine atacheka, kwa kuwa kunguru huyu amjua sana. Ni yule yule mwenye shingo ya kijivu, ambaye wengine pwani humwita kurabu. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Tangu hapo amezaana, amekula vifaranga na mayai ya kuku, amewafukuza ndege wadogo, hata mwaka 2024 Serikali ya Kenya ikatangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Ndege ni mmoja na bahari ni moja. Ng’ambo hii hutiliwa sumu, na ng’ambo ile huwekewa wali.

Mtu akitaka kuijua asili ya heshima hiyo, hana budi kwenda mpaka bonde la mto Kaveri. Safari huanzia katika mji wa Chennai, ambao hata mwaka 1996 uliitwa Madras. Gari moshi hushika njia ya kusini kiasi cha maili 190, likipita mashamba ya mpunga yasiyokuwa na mwisho, mpaka mji wa Kumbakonam, uliokaa kati ya mto Kaveri na mto Arasalar. Nchi ni tambarare kama meza. Maji yapo kila mahali, katika mifereji, katika majaruba, na katika mabwawa ya mawe yaliyojengwa mbele ya mahekalu. Wafalme wa Chola walitawala hapa tangu miaka elfu iliyopita na zaidi, nao walikuwa wajenzi wasiochoka. Minara ya mahekalu yao huonekana juu ya minazi kabla kijiji chenyewe hakijaonekana.

Kwa mwendo usiozidi maili 40 kutoka Kumbakonam yako mahekalu tisa, na kila moja limeshikwa na nyota moja. Wahindu huziita nyota hizo graha, na maana ya neno hilo ni kitu kinachokamata. Tisa hizo ni Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, na mbili zisizoonekana kwa macho, Rahu na Ketu, ambazo habari zake zitakuja. Wengine huzizungukia zote kwa siku moja, kwa motokaa ya kukodi au kwa basi, wakiondoka alfajiri na kurudi usiku wamechoka sana. Wazee hupenda kwenda polepole, hekalu moja leo na jingine wiki ijayo.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo mgeni hulishangaa. Katika mahekalu mengi ya Watamil iko pembe moja yenye jukwaa la mawe, na juu yake zimesimama sanamu tisa ndogo, Jua likiwa katikati. Sanamu hizo zimeelekezwa huku na huku hata hakuna moja iliyotazamana na nyingine, kama majirani waliokosana. Waabudu huzizunguka mara tisa. Kila sanamu ina rangi ya nguo yake, na nafaka yake, na mnyama wake. Habari ya nafaka itampendeza mkulima: ngano ni ya Jua, mpunga ni wa Mwezi, mbaazi ni za Mirihi, choroko ni za Utaridi, dengu ni za Mshtarii, na ufuta ni wa Zohali. Mtu aliyeambiwa kwamba nyota fulani imemkalia vibaya hutoa sadaka ya nafaka ile. Hivyo mbingu yote imepangwa kama ghala la mkulima, kila gunia mahali pake.

Na wanyama je? Mtu wa shamba hawezi kushika mkononi jambo lililo mbali kama Mshtarii. Lakini tembo amemwona. Anajua ukubwa wake, utulivu wake, na hekima iliyo machoni pake. Ukimwambia kwamba Mshtarii, mwalimu wa miungu, hupanda tembo, amekwisha kuelewa tabia ya nyota hiyo bila kitabu. Ukimwambia kwamba Mirihi, yule mwekundu mwenye vita, hupanda kondoo dume, anakumbuka jinsi kondoo dume anavyoinamisha kichwa na kupiga bila kufikiri. Wachongaji wenyewe hawapatani katika kila jambo. Zuhura wengine humpandisha farasi, wengine ngamia, na wengine mamba. Mwezi huvutwa na paa, au na farasi kumi weupe. Lakini kazi ya mnyama ni ile ile, kuipa nyota uso.

Hekalu la Jua liko Suryanar Kovil, nalo lilijengwa wakati wa mfalme Kulottunga wa Kwanza, aliyeanza kutawala mwaka 1070. Katika mahekalu ya Shiva msafiri amezoea kuona fahali wa jiwe amelala mbele ya mlango, akimtazama bwana wake. Hapa mahali pa fahali amesimama farasi. Jua husafiri kwa gari la gurudumu moja linalovutwa na farasi saba, na mwendeshaji wake, Aruna, hana miguu. Nyota nyingine nane zina vibanda vyake kuzunguka hekalu, zote zimelielekea Jua. Katikati ya mwezi wa Januari wakulima wa nchi hii hupika mchele mpya pamoja na maziwa katika chungu kipya, nje ya nyumba, wakauacha uchemke mpaka ufurike, huku wakilishukuru Jua. Kesho yake ni zamu ya ng’ombe, ambao huoshwa, wakapakwa rangi pembe zao na kuvikwa maua. Hakuna mkulima wa mahali popote atakayeona haya kusimama katika sikukuu hiyo.

Kutoka hapo njia huenda Thingalur kwa Mwezi, kijiji kidogo kilicho kimya, na Kanjanur kwa Zuhura, na Thiruvenkadu, ambako Utaridi hukaa karibu na mabwawa matatu ya kuogea. Mnyama wa Utaridi ni simba ambaye hakuzaliwa katika mwitu wowote, kwa kuwa wachongaji wamempa mkonga wa tembo. Wanafunzi huja hapa kabla ya mitihani, maana Utaridi ni nyota ya akili na maneno. Mshtarii yuko Alangudi. Yeye huzunguka mbingu kwa muda wa miaka 12 hivi, akikaa mwaka mmoja katika kila burji, na kwa hesabu hiyo hiyo mji wa Kumbakonam huwa na sikukuu ya kuoga katika bwawa kubwa la Mahamaham mara moja katika miaka 12. Sikukuu ya mwaka 2016 ilipita salama. Ile ya mwaka 1992 haikusahauliwa, maana watu walisongamana na zaidi ya 40 wakafa penye maji yale waliyoyatafuta kwa ajili ya baraka.

Kwa Mirihi hapana budi kukaa kidogo. Hekalu lake ni Vaitheeswaran Koil, na jina hilo maana yake ni Mungu aliye mganga. Wagonjwa huja kutoka mbali, wakaoga, wakatupa chumvi na pilipili manto katika mahali palipowekwa, wakarudi kwao na matumaini. Hilo si neno. Neno ni msichana. Katika nchi hii, na katika sehemu nyingi za India, ndoa haifungwi kabla karatasi za nyota za kijana na msichana hazijalinganishwa. Ikionekana kwamba Mirihi alikaa mahali pabaya saa aliyozaliwa msichana, husemwa kwamba ana kasoro ya Mirihi, na kwamba mume wake hatadumu. Basi wachumba huja, wakaitazama karatasi, wakanywa kahawa yao, wakaenda zao. Msichana huyo huenda amesoma, ana kazi nzuri katika benki, ana tabia njema. Kondoo dume wa Mirihi amesimama mlangoni hapitishi mtu. Baba yake huuza kipande cha shamba ili alipe ibada baada ya ibada. Mahali pengine msichana huozwa kwanza mgomba au chungu cha udongo, ili mauti ya mume wa kwanza yaangukie kitu kile, kisha huozwa mume wa kweli. Mgomba hukatwa, chungu huvunjwa, na mambo yakawa yamekwisha. Werevu wa jambo hilo hauna shaka. Lakini afadhali werevu huo ungalitumika kuitupa karatasi yenyewe.

Katika barabara za mji huo mdogo wamejaa watu wenye vibao vya kusoma majani ya mtende. Hudai kwamba wahenga wa kale waliandika maisha ya kila mtu katika majani makavu, na kwamba jani la mgeni hupatikana kwa alama ya kidole gumba chake, cha kulia kwa mwanamume na cha kushoto kwa mwanamke. Mgeni huulizwa maswali mengi, akajibu ndiyo au siyo, mpaka jani lipatikane linalojua jina la mama yake. Sura ya kwanza huwa na ajabu. Sura za mwisho hueleza maovu yanayokuja na ibada za kuyaondoa, na ibada hizo hulipiwa.

Sasa tufike kwa hao wawili wasioonekana. Hadithi husema kwamba zamani miungu na majitu waliisukasuka bahari ya maziwa kama mtu asukavyo siagi, ili wapate maji ya uzima. Yalipopatikana, miungu ikataka kuyanywa peke yake. Jitu moja lilijigeuza sura, likaketi katika safu ya miungu, kati ya Jua na Mwezi, likatiliwa na kunywa. Jua na Mwezi wakalitambua, wakapiga kelele. Kabla maji hayajapita kooni, Vishnu akalikata kichwa. Lakini maji ya uzima yalikwisha kugusa mdomo, na jitu likawa halifi tena. Kichwa ndicho Rahu, na kiwiliwili ndicho Ketu. Huchorwa nusu mtu nusu nyoka, na wachongaji wengine humpa Rahu simba wa kupanda na Ketu tai. Tangu siku ile Rahu huwafuata wale wasaliti wawili angani. Akimpata mmoja humeza. Lakini kwa kuwa hana tumbo, mfungwa hutokea tena kooni. Ndiyo sababu kupatwa kwa jua na kwa mwezi hakudumu.

Ni hadithi nzuri, na Mswahili asiidharau, kwa kuwa naye husema kwamba mwezi “umepatwa”, kama kwamba ulikuwa ukikimbia. Lakini tangu mwaka 499 mwanachuoni wa India, Aryabhata, alieleza waziwazi kwamba mwezi hupatwa kwa kuingia katika kivuli cha dunia, na jua hupatwa kwa kufunikwa na mwezi. Baada yake, katika karne ya 6, Varahamihira, aliyekuwa mnajimu mkubwa mwenyewe, aliandika vivyo hivyo. Hawakumwua Rahu, walimpa kazi nyingine tu. Rahu na Ketu katika hesabu zao ni pointi mbili ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua, na pointi hizo hurudi nyuma polepole, zikimaliza mzunguko kwa miaka 18 na zaidi kidogo. Katika India basi jitu na hesabu zimekaa nyumba moja kwa miaka 1500, na hakuna aliyemfukuza mwenziwe.

Hekalu la Rahu liko Thirunageswaram, maili nne tu kutoka Kumbakonam. Kila siku, wakati ule uitwao saa ya Rahu, makuhani humwaga maziwa juu ya sanamu yake, na waabudu husongamana ili wayaone maziwa yakigeuka rangi ya buluu yapitapo mwilini. Saa ya Rahu ni muda wa saa moja na nusu kila siku, nao hubadilika kwa siku za wiki. Jumatatu ni tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tatu. Jumamosi ni tangu saa tatu mpaka saa nne na nusu. Makarani wengi wa Kitamil hawatatia sahihi mkataba katika muda huo, wala hawataanza safari, wala hawatanunua gari. Mtu mwenye haraka atakayekwenda ofisini kwao wakati huo afadhali aende kunywa chai kwanza.

Hekalu la Ketu, Keezhperumpallam, liko karibu na pwani, nalo ni dogo na halina watu wengi. Lakini njia ya kwenda kwa Zohali ni njia ya umati.

Thirunallar iko maili tatu hivi kutoka mji wa Karaikal, ambao Wafaransa waliushika tangu mwaka 1739 mpaka walipouacha mikononi mwa India tarehe 1 Novemba 1954. Hata leo mahali hapa pako chini ya serikali ya Puducherry, si ya Tamil Nadu. Zamani za Wafaransa, mkulima wa Kitamil aliyekandamizwa na Zohali alivuka mpaka wa dola mbili ili akaogee bahati mbaya yake katika nchi ya kigeni.

Mwenye hekalu hasa ni Shiva. Zohali amewekwa katika kishubaka cha ukuta karibu na mlango, kama askari wa zamu, na huyo askari ndiye watu wanayemwendea. Ni mdogo, mweusi, amevikwa nguo nyeusi au ya buluu, na kunguru wake yuko karibu. Wanasimulia kwamba mfalme Nala, aliyepoteza ufalme wake katika mchezo wa kamari, akatanga porini hata akatengana na mke wake, alifika hapa akaoga katika bwawa, na Zohali akamwacha mlangoni. Bwawa hilo laitwa kwa jina la Nala. Mtu hujipaka mafuta ya ufuta kichwani na mwilini, huingia majini, akatoka na kuiacha nguo aliyooga nayo, ili taabu yake ibaki nayo. Siku za msongamano nguo hizo huwa marundo. Kisha huvaa nguo kavu, akawasha taa ya mafuta ya ufuta, akatoa sadaka kwa maskini waliopanga safu njiani. Maskini hao wamejua siku za nyota kuliko wanajimu wengi.

Zohali ni nani hata atendewe hivi? Jina lake la Kisanskriti lina maana ya yule aendaye polepole, na husemwa ni kiwete. Jambo hilo wazee waliliona kwa macho bila darubini: Zohali huzunguka mbingu kwa miaka 29 na nusu, polepole kuliko nyota zote tano. Katika kila burji hukaa miaka miwili na nusu. Basi akiingia katika burji iliyo kabla ya ile ya mwezi wa kuzaliwa kwa mtu, kisha katika burji yenyewe, kisha katika ile inayofuata, jumla yake ni miaka saba na nusu, na miaka hiyo ndiyo inayoogopwa. Mtu aishiye umri mrefu huipata mara mbili au tatu. Watamil husema ya kwanza humfifisha mtu, ya pili humfurikia mali kama chungu cha wali kinachochemka, na ya tatu humchukua. Huko kaskazini mwa India Zohali hupanda nyati-maji au tai, lakini kusini ni kunguru. Na ni kweli kwamba kunguru ana tabia ya deni la zamani, hujificha usipomwangalia, na ukianika kitu tu yuko hapo.

Miaka saba na nusu ni muda mrefu katika maisha ya mkulima. Katika muda huo lazima mvua itakosa mara moja, ng’ombe atakufa, mtoto ataugua, ndugu atadai mpaka. Mwenye kuamini akiyatazama hayo huona mkono wa Zohali kila mahali. Wako wanaoahirisha kuchimba kisima, wanaokataa cheo cha kazi, wanaomwondoa mtoto shuleni wakisubiri nyota ipite. Wako pia waliopata faraja ya kweli kwa kujua kwamba taabu ina tarehe ya kwisha. Mtu asiwacheke hawa wa pili. Aliyelemewa na deni, akaambiwa kwamba miezi kumi na minne imebaki, hushika jembe kwa nguvu mpya.

Tatizo ni tarehe yenyewe. Zohali akihama burji, umati mkubwa sana hujaa Thirunallar, serikali ikaweka polisi, mabasi, vyoo na maji. Hekalu hufuata kalenda ya kale, iliyotungwa kwa kanuni za kukariri, na kwa kalenda hiyo Zohali aliingia burji ya Ndoo tarehe 20 Desemba 2023. Lakini kwa kalenda za hesabu mpya, zinazofuata mahali nyota ilipo kweli angani, aliingia tarehe 17 Januari ya mwaka ule ule. Tofauti ni miezi kumi na moja. Mtu mmoja basi alikuwa amekwisha kuokoka kwa kitabu kimoja, huku kwa kitabu cha pili angali kifungoni. Na wenye vitabu wote wawili walipokea ada zao. Si mara ya kwanza. Serikali ya India iliunda kamati mwaka 1952, chini ya mtaalamu wa fizikia Meghnad Saha, itazame habari ya kalenda, nayo ikakuta kalenda zipatazo 30 zikitumika nchini. Kalenda moja ya taifa ikaanza tarehe 22 Machi 1957. Inachapishwa katika magazeti ya serikali mpaka leo, na makuhani wameendelea na zao.

Mwaka 1962 hofu ya nyota ilipata mtihani mkubwa. Kati ya tarehe 3 na tarehe 5 Februari, Jua, Mwezi, sayari zote tano na Ketu walikusanyika katika burji moja, ile ya Mbuzi, ambayo Wahindu huichora kama mamba mwenye mkia wa samaki. Wanajimu walitabiri maangamizi. Katika India nzima watu walikusanyika kwa sala za mchana na usiku, mioto ya sadaka ikateketeza samli na nafaka nyingi mno, safari zikaahirishwa, na arusi vile vile. Tarehe 5 jua likapatwa mbali katika bahari ya Pasifiki. Tarehe 6 watu waliamka, ng’ombe wakakamuliwa kama kawaida. Waliosali walisema kwamba sala zimeikinga dunia. Watu wa E. V. Ramasamy, yule Mtamil aliyeitwa Periyar (1879–1973) na aliyetumia maisha yake kupiga vita mambo hayo, hawakukubali jibu hilo. Lakini hata katika nchi yake mwenyewe, ambayo wafuasi wa mafundisho yake waliitawala tangu mwaka 1967, bwawa la Nala halijawahi kukosa wateja.

Jioni umati hupungua Thirunallar. Wauza ufuta hukusanya vifurushi vyao vyeusi, mafagio hupita penye mafuta yaliyomwagika, na vijana huondoa marundo ya nguo kando ya bwawa. Miezi ile ambayo Zohali huonekana jioni, hutokea upande wa mashariki juu ya mashamba ya mpunga, nyota ya manjano iliyotulia, isiyometameta. Kwa darubini ndogo ya shule mtu angeziona pete zake. Watu wachache hapa huinua macho kuitazama, kwa kuwa wao wamekuja kwa yule mweusi aliye katika kishubaka.

Kunguru nao hurudi kulala katika miti iliyo karibu na maji, wakigombana kama kawaida yao. Kesho mchana wataitwa tena kutoka kila ua. Neno lile waliitiwalo, “kaa”, ni mlio wa kunguru mwenyewe. Lakini katika lugha ya Kitamil ni neno kamili pia, na maana yake ni “linda”. Mama aliyesimama na tonge mkononi husema yote mawili kwa pumzi moja, kisha hurudi nyuma hatua mbili, akanyamaza, akangoja.